Kutoa changarawe na kuweka mchanga bila kupoteza samaki: jibu kwa mfugaji wa Mwanza

Swali: Nina akwariamu ya lita 200 hapa Mwanza, urefu sentimita 100, upana 40, kina 50. Ina miaka mitatu. Chini niliweka changarawe ya bluu iliyopakwa rangi. Nafuga samaki aina ya siklidi wa Ziwa Tanganyika: ocellatus watano wanaoishi kwenye magamba ya konokono, na julidochromis wanne wanaokaa kwenye mawe. Filta ni moja tu, ya sponji, iko ndani. Maji nikipima napata pH ya 8.4. Nataka kuweka mchanga, ila naogopa. Rafiki yangu alimwaga maji yote, akaosha kila kitu bombani, akaweka mchanga mpya, na wiki haikuisha samaki wake wote wakawa wamekufa. Juzi nimeinua jiwe nikakuta changarawe nyeusi inanuka yai viza. Nibadilishe au niache? Na mchanga wa mtoni au wa pwani unafaa?

Jibu: Badilisha, ndugu yangu. Ocellatus juu ya changarawe anaishi, lakini haishi maisha yake. Mtazame siku atakapopata mchanga. Anasimama kando ya gamba, anauma mchanga mdomo mzima, anakwenda kuutema pembeni, anarudi. Anachimba chini ya gamba mpaka linazama, kisha anarushia mchanga juu yake hadi unabaki mlango peke yake. Humo ndimo jike hutaga na humo watoto hujificha. Kwenye ziwa lenyewe magamba hayo ni ya konokono aitwaye Neothauma, ambaye hapatikani ziwa lingine lolote, nayo yamelala kwa wingi juu ya mchanga. Changarawe yenye punje kubwa kama maharage samaki wa sentimita tano hawezi kuibeba, kwa hiyo gamba linabaki limelala juu na yeye hana amani.

Ila usianze na mchanga. Mchanga ni kazi ya siku moja, nayo ndiyo nyepesi. Kazi nzito ni ya mwezi mmoja unaotangulia.

Tuanze na samaki wa rafiki yako, maana ukijua kilichowaua umeshajua nusu ya dawa. Mchanga haukuwaua. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na mabaki ya chakula na kinyesi yakioza hutoa nyingine. Kwenye akwariamu iliyokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa unabadilisha maji kila wiki. Bakteria hao hawaogelei ovyo majini. Wameganda kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe, kwenye mawe, hata kwenye kioo. Rafiki yako aliwatupa wa changarawe, akawaua wa kwenye sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, kisha akarudisha samaki walewale kwenye maji ambayo hayana kiumbe wa kusafisha uchafu wao. Samaki hawa wangeweza kuvumilia zoezi lolote moja kati ya hayo. Yote kwa siku moja, hapana.

Kwa wafugaji wa samaki wa Tanganyika kuna jambo la ziada. Amonia huwa na sura mbili majini, moja kali na moja isiyo na nguvu, na kinachoamua mgawanyo wao hasa ni pH (kipimo cha tindikali ya maji: namba ikipanda, tindikali imepungua), kisha joto. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH ya 7, sura kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH ya 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 8.4 yako ni kama asilimia 12, na ikifika 9 inapita theluthi moja. Kwa hiyo kiasi kilekile cha amonia ambacho mfugaji wa samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, anakisoma kwenye kipimo na kulala usingizi, kwako ni sumu. Wengi husoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya samaki wa Amazon wakayafuata kwa samaki wa Kigoma, ndiyo maana nalisisitiza.

Na ile harufu ya yai viza? Hiyo ni salfidi ya hidrojeni, gesi inayozaliwa pale uchafu unapooza mahali pasipo na oksijeni, na huo weusi ni alama yake. Mambo yake ni kinyume cha amonia: kadiri pH inavyopanda ndivyo sura yake yenye sumu inavyopungua. Kwenye pH ya 7 karibu nusu yake ni sumu, kwenye 8.4 ni sehemu ndogo tu. Sikuambii uipuuze, kwa sababu hata kiasi kidogo si kizuri na inakula oksijeni. Nakuambia uogope kwa mpangilio. Inayonuka si hatari yako ya kwanza. Hatari ya kwanza ni amonia iliyolala pamoja nayo kwenye uchafu huohuo, ambayo kwa viwango hivyo pua haiisikii.

Ndiyo maana kwa tangi lako sishauri ile njia ya kubadilisha vipande vipande, theluthi wiki hii na theluthi wiki ijayo, samaki wakiwa ndani. Ni njia nzuri kwa mwenye mimea na maji laini. Kwako kila utakapochimba utakuwa unawakorogea samaki uchafu huo usoni, mara tatu badala ya mara moja. Toa samaki, fanya kazi yote kwa siku moja, warudishe.

Sasa huo mwezi wa matayarisho. Nunua filta ya pili ya sponji, ile ya bei nafuu inayoendeshwa na pampu ya hewa, uitumbukize leo. Usiibadilishe na ya zamani; ziende pamoja. Sponji moja kwa lita 200 ni ndogo, na maana yake ni kwamba changarawe yako imekuwa ikifanya sehemu ya kazi ya filta bila wewe kujua. Ukiiondoa kabla hujapata mbadala, pengo litaonekana. Wiki nne hadi sita zinatosha sponji mpya kupata bakteria wake. Katika muda huo, ukitaka kuiosha ile ya zamani, ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa kwenye akwariamu, kamwe si bombani, na katika wiki mbili za mwisho kabla ya zoezi usiiguse kabisa. (Kama kuna msomaji mwingine ambaye filta yake ni ile ya sahani iliyofukiwa chini ya changarawe, huyo asiondoe hata punje moja kwanza: changarawe ndiyo filta yake yote. Na mchanga hauwekwi juu ya sahani hiyo, utaiziba.)

Kila wiki ubadilishe robo ya maji, na maji hayo uyanyonye kwa mpira kutoka ndani ya changarawe yenyewe, si juu juu. Chukua eneo la theluthi kila wiki. Choma mpira hadi kwenye kioo, acha uchafu upande, sogea. Pale palipo peusi nenda polepole, na mpira uwe unanyonya tayari kabla hujagusa jiwe. Angalia ndoo kabla ya kumwaga, maana watoto wa ocellatus ni wadogo kuliko punje ya mchele na huenda ukawanyonya. Ukifika siku yenyewe changarawe ikiwa imeshanyonywa hivi mara tatu nne, hatari kubwa zaidi umeshaimwaga kwenye migomba.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami nadhani ndilo zito kuliko yote kwa mtu wa Mwanza. Maji yako ya bomba yanatoka Ziwa Victoria, na maji hayo ni laini. Madini yaliyoyeyuka ndani ya Ziwa Tanganyika ni mengi mara sita hivi kuliko ya Victoria. Maji ya Victoria yakikaa ndani ya akwariamu yenye samaki kwa miaka, kawaida pH yake hushuka, kwa sababu kazi ya wale bakteria huzalisha tindikali na maji hayana chokaa ya kuizuia. Yako yamesimama kwenye 8.4. Kuna kitu kinayashikilia. Huenda ni magamba, huenda ni mawe, na huenda kabisa ni hiyo changarawe ya bluu, kwa sababu baadhi ya changarawe za rangi ni mawe ya chokaa yaliyopakwa rangi.

Pima kabla hujaitoa. Chukua punje chache, zipasue kwa nyundo ili uvuke ile rangi, kisha zidondoshee siki nyeupe. Zikitoa mapovu, hata madogo, hiyo ndiyo chokaa, na ukiitupa nje huku ukiweka mchanga usio na chokaa pH yako itaanza kuteremka pole pole, wiki baada ya wiki, samaki wakififia bila wewe kujua sababu. Fanya jaribio hilohilo kwa mawe.

Hapo tumefika kwenye mchanga. Mchanga wa mtoni unaouzwa kwa ajili ya plasta unafaa, na ndio ningeuchukua mimi. Mawe ya Mwanza ni granaiti, na mchanga unaotokana nayo hauna chokaa, kwa hiyo hautapandisha wala kushusha pH. Uliza umechotwa wapi. Mchanga wa mito inayopita kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita na kwingineko, usiuingize ndani ya akwariamu kwa vyovyote. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, nayo haitoki kwa kuoshwa. Na usiingie mwenyewe ziwani kuchota kwenye kingo zenye magugu. Kichocho kipo.

Mchanga wa pwani wenye vipande vya matumbawe na makombe una chokaa nyingi, na kwa samaki wa Tanganyika hiyo ni sifa, si kasoro. Ila umejaa chumvi na hutakiwa kuoshwa sana, mara nyingi una vipande vyenye makali ambavyo havimfai samaki anayechimba kwa mdomo, na kuuchota ufukweni kunakula ufuo wenyewe. Ndani ya hifadhi za bahari ni kosa kabisa. Sioni sababu ya kuubeba kutoka Tanga hadi Mwanza. Chokaa unaweza kuipata sokoni kwako: yale makombe yaliyosagwa ya kuwalisha kuku, ukihakikisha hayajachanganywa na kitu kingine. Yaoshe, yatie kwenye soksi safi ya nailoni, mikono miwili iliyojaa, uyaweke mahali maji ya filta yanapopita. Uzuri wa chokaa ya aina hii ni kwamba inajizuia yenyewe: maji yakifika pH ya 8 na ushee huacha kuyeyuka, kwa hiyo huwezi kuzidisha.

Kiasi? Zidisha urefu, upana na kina cha mchanga unaoutaka kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, upate lita. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1.6. Kwako, kina cha wastani cha sentimita 4 ni 100 mara 40 mara 4, yaani lita 16, kama kilo 25. Hiyo ni ndoo ya lita 20 isiyojaa. Mbele, kwenye magamba, fanya sentimita 5 au 6 ili gamba liweze kufukiwa, na nyuma chini ya mawe kiasi kidogo tu. Kwenye tangi la samaki wasiochimba nisingekuruhusu kina hicho, kwa sababu chini kungeoza kama kulivyooza chini ya jiwe lako. Ocellatus watakupindulia mchanga huo usiku na mchana.

Uchekeche kwanza kwa chekeche ya unga kuondoa kokoto. Kisha uoshe kidogo kidogo, robo ndoo kwa wakati mmoja: mpira wa maji uwe chini ya mchanga, mkono ukikoroga, matope yakimwagika juu. Bila sabuni. Watu huchoka wakiona maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa mara ya kumi, wakaacha. Usiache. Kipimo changu ni chupa ya kioo: tia mchanga robo, jaza maji, tikisa, weka chini. Ndani ya dakika mbili unapaswa kuona upande wa pili wa chupa. Huoni, rudi bombani. Ukishatakata, mwagia maji yaliyochemka na uuanike juani.

Siku ya kazi anza asubuhi, na iwe siku ambayo una uhakika na umeme. Tangu jana yake usiwape chakula. Piga picha ya mawe yalivyopangwa, na usiidharau picha hiyo: julidochromis walioshikana jozi, ukiwavurugia mawe yao mara nyingi jozi huvunjika na mmoja huanza kumfukuza mwenzake. Chomoa kila kitu ukutani, hita kwanza, na uiache ipoe dakika ishirini kabla maji hayajashuka. Hita ya kioo ikiwa ya moto na nusu yake iko nje ya maji hupasuka.

Nyonya maji ya juu, yaliyo safi, lita 80 hadi 100, kwenye pipa au beseni kubwa ambalo halijawahi kuona sabuni. Maji haya hayabebi bakteria wengi kama watu wanavyodhani. Unayatunza kwa sababu samaki wameyazoea na hutaki kuwabadilishia pH na joto kwa dakika moja. Hamishia sponji zote mbili humo na uziwashe mara moja. Sponji iliyoachwa juani wakati wewe unahangaika na changarawe inakausha kila kitu ulichojenga kwa miezi.

Ocellatus usiwafukuze kwa wavu. Wakiogopa wanaingia magambani, na hiyo ndiyo unayoitaka: teka gamba likiwa ndani ya maji kwa bakuli dogo, samaki akiwa ndani, ulihamishe pamoja na maji yake, mlango ukiangalia juu. Hesabu. Kisha toa mawe moja moja, shusha maji hadi sentimita kumi, ndipo uwakamate julidochromis, ambao sasa hawana pa kujificha. Funika beseni, wanaruka.

Kutoka kwenye sehemu iliyo safi kabisa ya changarawe ya zamani, jaza soksi moja, uiweke kwenye beseni la samaki. Itarudi nao na kukaa wiki nne kisha itoke. Iliyobaki zoa kwa kizoleo kipya cha plastiki, si chuma, usije ukakwangua silikoni kwenye pembe. Matope yanayobaki chini nyonya yote. Kuta za kioo usizisugue. Tangi usilinyanyue wala kulisogeza likiwa na maji, hata kidogo.

Mawe yatangulie, mchanga ufuate. Wengi hupanga mawe juu ya mchanga, siku ya tatu samaki wanachimba chini yake, jiwe linaporomoka juu ya samaki au juu ya kioo. Tandika sponji nyembamba juu ya kioo, simamisha mawe juu yake ukifuata picha yako, yatikise kwa mkono uone kama yametulia, kisha mimina mchanga kuyazunguka. Weka sahani juu ya mchanga na umwagie maji hapo, ya zamani kwanza, halafu mapya yaliyokaa wazi siku nzima au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Tofauti ya joto isizidi nyuzi mbili. Maji yatakuwa na ukungu; usubiri saa moja au mbili utulie, samaki wakiwa bado na filta zao, ndipo urudishe vyote. Ukungu mwepesi unaobaki hauwadhuru na utaisha kesho au kesho kutwa. Mdomo wa filta uinue sentimita kumi kutoka kwenye mchanga.

Chakula waanze siku ya pili, nusu ya kawaida, kwa wiki nzima. Na upime. Vipimo vya matone vya amonia na nitriti, kila siku kwa siku saba, kisha kila siku ya pili mpaka wiki ya tatu iishe. Kwa pH yako, amonia ikionekana tu, 0.25 kwa kipimo au zaidi, badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo na usilishe kesho yake. Samaki wakitweta juu ya maji au mashavu yakiwa mekundu, usingoje kipimo.

Umeme ukikatika katika wiki hizo, pampu ndogo ya hewa ya betri ina thamani kuliko kifaa kingine chochote ulichonacho. Samaki wana haja ya oksijeni, na bakteria wako wa sponji vilevile.

Baada ya wiki ya tatu amonia haitakuwa shida tena, ila pH endelea kuipima kila wiki kwa miezi mitatu, hasa kama ile changarawe ilitoa mapovu kwenye siki. Ikianza kuteremka kuelekea 8, ongeza soksi ya pili ya makombe na ubadilishe maji kidogo kidogo mara nyingi, badala ya mengi kwa mara moja.